Santuri Mbili, Stovu Moja na Sarafu za Mita

Nyumbani kwetu umeme ulinunuliwa kwa sarafu. Mita ilikaa ukutani juu ya mlango wa jiko, kisanduku cheusi cha chuma chenye tundu na kishikio. Unatia peni 50, unazungusha kishikio, sarafu inaanguka ndani kwa kishindo, na taa inaendelea kuwaka. Sarafu hizo Mama alizidunduliza wiki nzima kutoka kwenye chenji za dukani na kuziweka ndani ya kopo la kahawa juu ya kabati la vyombo. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa kopo lile. "Ukila sarafu ya mita," alikuwa akitwambia, "umekula mwanga wa wenzio."

Tulikuwa watu sita katika vyumba vitatu vya ghorofa ya juu, mtaa wa Highbury, kaskazini mwa London: Baba, Mama, Bibi mzaa baba, Dada, Kaka na mimi. Tulihama Unguja mwaka 1968, mimi nikiwa bado wa kubebwa mgongoni. Baba alikuwa kondakta wa basi. Chini yetu aliishi mzee wa Kijamaika, fundi seremala, mjane, ambaye sisi watoto tulimwita Bwana wa Chini, na ambaye Mama alikuwa akimpelekea sahani ya wali kila Ijumaa bila ya kukosa.

Ijumaa ninayoisimulia ni ya tarehe 14 Desemba 1979. Mwaka 1400 wa Hijria ulikuwa umeingia wiki tatu nyuma, baridi ilikuwa ya kukata masikio, na nyumba ilikuwa na mambo mawili makubwa kwa pamoja. La Mama lilikuwa posa ya Dada: wageni walikuwa wanakuja Jumamosi jioni kutoka Portsmouth, watu wa kwetu, wenye jina lao. La Kaka lilikuwa albamu mpya ya The Clash, iliyokuwa ikitoka siku hiyo hiyo ya Ijumaa.

Kaka alikuwa na miaka 17 na roki ya panki ilikuwa imemkamata kama homa. Albamu ya kwanza ya bendi ile, ya mwaka 1977, aliinakili kwenye kaseti kutoka kwa rafiki. Ya pili, ya 1978, aliiazima mpaka mwenyewe akaja kuidai mlangoni petu. Hii ya tatu aliapa kwamba atainunua kwa pesa yake, na Jumamosi nne mfululizo alikwenda sokoni alfajiri kubeba makasha ya mboga mpaka vidole vikapasuka kwa baridi. Nilimpaka mafuta ya nazi mikononi, naye huku anakunja uso akinieleza kwamba zitakuwa santuri mbili kwa bei ya moja, pauni 5 tu. Bendi yenyewe ndiyo iliyopigania hivyo. Walipotaka albamu ya sahani mbili, kampuni yao ilikataa. Wakaomba basi waruhusiwe kutia kisahani cha ziada, cha bure, ndani ya jalada. Hilo likakubaliwa, na kisahani cha ziada kikaja kutoka studio kikiwa na nyimbo tisa, santuri nzima. "Wametufikiria sisi tusio na pesa," Kaka alisema, na macho yake yalikuwa yanang'aa kweli.

Kilichomtia wazimu zaidi ni kwamba ilirekodiwa mtaani petu. Studio za Wessex zilikuwa njia ya Highbury New Park, ndani ya jengo lililokuwa zamani ukumbi wa kanisa, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Mwezi wa Agosti Kaka alipita pale kila jioni akisema anakwenda posta, na hajapata kuona hata kivuli cha mmoja wao. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba mwaka 1977, katika jengo lile lile, Queen walirekodi nyimbo zao, na mwimbaji wao Freddie Mercury ni mtoto wa Unguja, kazaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946. Wakati ule nyumbani kwetu hapakuwa na mtu aliyelijua hilo. Najuta mpaka leo, maana ningekuwa nalo la kumwambia Mama siku Kaka alipohitaji mtu wa kumtetea.

Ijumaa ile Kaka hakwenda skuli asubuhi. Alipofika dukani aliwakuta vijana kadhaa wamesimama kwenye theluji iliyoyeyuka, hawajuani, na dakika tano baadaye wote wanazungumza kwa mpigo. Alirudi nyumbani na mfuko ndani ya koti, kifuani, kama mtu aliyebeba kifaranga. Mama alikuwa jikoni anasafisha mchele. Kaka akanivuta chumbani, akafunga mlango, akaniwekea jalada magotini.

Picha ilikuwa ya nyeusi na nyeupe, imefifia kidogo. Kijana ametanua miguu, kichwa kimeinama, amelishika gita la besi kwa shingo yake kama mtu anayeshika shoka, na yuko njiani kulibamiza sakafuni. Ni Paul Simonon, mpiga besi wa bendi, katika ukumbi wa Palladium, New York, Septemba ya mwaka ule. Aliyempiga picha, Pennie Smith, hakutaka itumike kwa sababu haikukaa sawa machoni, na bendi ikamshinda. Herufi za waridi ubavuni na za kijani chini zilifuata mtindo wa jalada la santuri ya kwanza ya Elvis Presley ya 1956. Hayo nilijifunza baadaye. Siku ile nilimwuliza Kaka swali moja tu: kwa nini anavunja chombo cha kazi yake? Kaka akasema watazamaji walikatazwa kuinuka vitini, na mtu yule hakuweza kuvumilia kuona watu wameketi. Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la London lilifanya maonyesho ya albamu hii, na gita lenyewe likawekwa ndani ya kioo, limepasuka. Tulikwenda pamoja, Kaka na mimi, yeye na mvi zake. Alisimama mbele ya kile kioo kwa muda mrefu, mkono mmoja kifuani, pale pale alipokuwa ameweka ule mfuko.

Redio yetu ilikuwa ya kabati, kubwa kama sanduku la harusi, ya balbu za kioo ndani, na chini ya kifuniko chake kulikuwa na sahani ya kuzungusha santuri. Ukiiwasha, sahani inaanza kuzunguka mara moja, lakini sauti haitoki. Jicho dogo la kijani linapata mwanga polepole, balbu zinapata moto, na baada ya nusu dakika sauti inakuja kutoka mbali, inapanda, inajaa chumba. Ukumbuke hilo, kwa sababu lina kazi mbele.

Albamu nzima ni ya dakika 65. Kaka aliisikiliza yote, pande nne, kisha akaanza upya. Saa tisa alifika rafiki yake wa Ayalandi. Saa kumi wakaja vijana wawili wa Saiprasi, na mwengine ambaye hakuna aliyemjua jina, kasikia tu dirishani. Walikaa sakafuni, magoti kwa magoti, jalada linapita mkono kwa mkono, na kila wimbo ulipoanza kulikuwa na mmoja aliyeshika kichwa. Walikuwa wamezoea panki ya gita tatu na kelele. Hapa walikuta pembe zinapulizwa, piano, rege, wimbo wa kusikitika wa mtu aliyepotea dukani, mwengine wa vita vya Hispania. Baadhi ya watu mjini walinuna wakasema hii si panki tena. Vijana wale sakafuni petu hawakununa hata kidogo. Nilikuwa na miaka 12, na ndiyo mara ya kwanza kuona watu wenye furaha ya namna ile kwa kitu kisicholiwa wala kuvaliwa.

Mtayarishaji wa albamu aliitwa Guy Stevens. Alikuwa akirusha viti studio huku wanamuziki wakipiga, akazungusha ngazi hewani, na piano akaimiminia kileo. Fundi mitambo, Bill Price, alikuwa na kazi ya kuokoa kinachookoleka. Stevens alitaka wapige kwa moto, na huo moto unasikika mpaka leo; hakuna wimbo hata mmoja pale uliopoa. Alifariki mwaka 1981, na mimi humwombea kheri kila nikimkumbuka.

Ila moto ule ulikuwa unakula umeme. Redio ya balbu ina njaa. Ijumaa saa moja usiku taa zilizimika, Kaka akatia peni 50 kutoka kwenye kopo. Saa nne akatia nyengine. Jumamosi asubuhi, Mama akiwa sokoni kutafuta nyama, akatia mbili. Hakuwa mwizi kaka yangu. Alikuwa amekusudia kurudisha Jumatatu, na kila sarafu aliandika kwa penseli ndani ya kiganja, mistari midogo minne. Niliiona.

Jumamosi alasiri nyumba ilipinduliwa juu chini. Zulia likapigwa vumbi, mapazia yakanyooshwa, udi ukafukizwa. Mama akatoa amri kwamba hataki kuona "vijana wanaovunja magita" popote, wageni wakifika. Kaka akaficha jalada chini ya godoro langu. Santuri ya kwanza ilikuwa juu ya redio, kifuniko kimefungwa. Ya pili, ndani ya mfuko wake wa karatasi wenye maneno ya nyimbo, aliisimamisha nyuma ya pazia la sebuleni, imeegemea ukuta. Mahali salama kabisa, penye baridi na giza.

Hapo ndipo Bibi, kwa mapenzi yake, alipoona sebule haina joto la kutosha kwa wageni. Akaenda ukumbini, akaibeba stovu ya mafuta ya taa, akaiweka pembeni karibu na pazia, akawasha utambi. Hakuna aliyemwona Kaka akificha, na hakuna aliyemwambia Bibi. Santuri hizi ni plastiki, na plastiki yake huanza kulegea ikifika joto la nyuzi 60 na ushei. Stovu ile haikuwa na haraka.

Wageni walifika saa kumi na mbili na nusu: mzee wa posa, mkewe, shangazi wa kijana, na ami yake. Salamu ndefu, kama inavyotakiwa. Shikamoo zikatoka, marahaba zikapokewa, hali zikaulizwa mpaka za jirani wa Portsmouth. Wali wa nazi ulikuwa jikoni juu ya jiko la umeme, maji yake yanaanza kukauka. Kaka alikuwa amepewa kazi ya kupokea makoti. Kulikuwa na dakika moja ambapo sebule ilikuwa tupu, watu wote wako ukumbini, na katika dakika ile alishindwa. Alifunua kifuniko, akaweka sindano kwenye wimbo wa kwanza upande wa kwanza, sauti chini kabisa, apate kusikia japo mwanzo wake. Sindano ikashuka. Umeme ukakatika.

Giza lilikuwa zima. Mama hakupiga kelele. Alikwenda kwenye kopo la kahawa, nikasikia mkono wake unazunguka ndani ya bati, na sikusikia sarafu. Sijapata kusikia kimya kama kile tena maishani mwangu.

Kisha kila mtu akafanya lake. Mama alibeba sufuria ya wali akaileta juu ya stovu sebuleni, iive hapo hapo mbele ya wageni, maana wali hausubiri. Dada, bi harusi mtarajiwa, akapapasa juu ya redio akitafuta mshumaa, na katika kupapasa mkono wake ukakizungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho. Baba akajipapasa mifuko ya sare yake. Alikuwa na tiketi na peni 10 tatu, na mita yetu ilikuwa imetengezwa kwa peni 50 tu. Aibu ilikuwa inaonekana hata gizani. Mgeni wa posa amekaa kwenye baridi, mbele yake sufuria juu ya stovu kama kambini.

Ndipo mzee wa posa akasema, kwa upole mkubwa, "Bwana mkwe, mimi ninayo." Akatoa peni 50 kutoka mfukoni. Baba akakataa. Mzee akashikilia. Baba akakataa mara ya pili, kwa heshima, na mara ya tatu akaipokea kwa mikono miwili. Nikamsikia akipanda kigoda. Sarafu ikaanguka kwa kishindo.

Taa ziliwaka. Wote tukavuta pumzi, tukatabasamu, mzee akafungua kinywa kuanza maneno yake ya posa, maneno yaliyopangwa, ya kale. Nikaangalia redio. Jicho la kijani lilikuwa linapata mwanga.

Nikamtazama Kaka. Naye alikuwa ameliona. Alikuwa upande wa pili wa chumba, nyuma ya wageni, na kati yake na redio kulikuwa na shangazi wa watu, sinia la kahawa na stovu yenye wali. Nusu dakika ni ndefu mtu akiwa anaihesabu. Mzee alikuwa amefika kwenye kumtaja Mtume, rehema na amani zimshukie, na Baba ameinamisha kichwa. Akamaliza sala na salamu, akanyamaza kidogo ili aingie kwenye shabaha ya safari yao, na katika ule upenyo sauti ikaja. Kwanza gita, mfano wa mtu anayepiga mlango kwa ngumi. Halafu besi. Halafu mwimbaji, Joe Strummer, kwa sauti yake yote, dirisha likatetemeka, kikombe kikalia juu ya kisahani chake, naye anatangaza kwamba London inaita.

Kaka aliruka sinia. Mama alifunika uso kwa mtandio. Na Baba, ambaye nilikuwa nimeshamwona akiinuka kwa hasira, alisimama nusu, mkono umenyooka kuelekea redio, akabaki hivyo hivyo.

"Ngoja," alimwambia Kaka. "Anasema nini huyu?"

Kaka akasema, huku amekata tamaa, "London Calling, Baba. Ndilo jina la santuri."

Ifahamike kwamba jina lile bendi hawakulitunga kutoka hewani. Ndivyo BBC ilivyokuwa ikijitambulisha kwa walimwengu wakati wa vita: hapa London, inaita. Baba alikuwa mtoto wa skuli wakati ule wa Hitla. Barazani Malindi, nyumbani kwa karani mmoja wa serikali mwenye redio, watu wazima walikaa jioni kusubiri maneno yale mawili, na watoto wakatakiwa wanyamaze. Mwaka 1957, tarehe 27 Juni, Idhaa ya Kiswahili ilipoanza kutoka London, Baba alikuwa kijana mwenye redio yake mwenyewe. Alipofika mji huu, mahali pa kwanza alipokwenda kupaona ni Bush House, jengo la redio. Alisimama nje tu, akalitazama, akarudi. Hilo hakuwa amemweleza yeyote kati yetu. Alilisema pale, mbele ya wageni, wimbo ukiwa unaendelea na Kaka amepunguza sauti, mkono bado uko kwenye kitufe.

Mzee wa posa akaweka kikombe chini. "Na mimi," alisema. "Wete. Tulikuwa tunakaa kwa Mhindi mwenye duka, betri yake ikiisha tunachanga." Wakaanza kutajiana saa za habari na sauti za watangazaji. Baba akamwuliza Kaka huyu kijana anaimba habari gani hasa. Kaka akaeleza: hofu ya mto kufurika mjini, na hofu ya ajali ya nyuklia kama ile iliyotokea Marekani mwezi wa Machi. Baba akatikisa kichwa, si kwa kudharau. Serikali ilikuwa inajenga lango kubwa la kuzuia maji ya mto Thames pale Woolwich, na wenzake kazini walilizungumza kila siku. "Basi ni habari," alisema. "Kijana anasoma habari."

Posa ilikubaliwa. Wali uliiva, na ukoko wake wa stovu ulisifiwa na kugombewa. Dada aliolewa mwaka uliofuata, na hayo yana kisa chake.

Saa tano usiku wageni wameondoka, Kaka akaenda nyuma ya pazia. Alitoka na ule mfuko wa karatasi, akaitoa santuri, akaishika kwa viganja chini ya taa. Upande uliotazama stovu ulikuwa umeinuka na kushuka, umeinuka na kushuka, kama ukingo wa chapati iliyoachwa motoni. Katikati ilikuwa sawa, ukingo wote mawimbi. Hakusema neno. Aliketi sakafuni na machozi yakamtoka, kijana wa miaka 17 mwenye ndevu zinazoanza, na hakuna aliyemcheka. Mistari minne ya penseli ilikuwa bado iko kiganjani. Mama aliiona alipomshika mkono. Aliihesabu, akaelewa, akaufunga mkono ule ndani ya mkono wake.

Bibi ndiye aliyesema. "Nipe." Akaizungusha mbele ya macho yake. Kisha akatusimulia kwamba alikuwa msichana mwaka 1928, Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi, na santuri zake zilipofika Unguja watu walijazana hata nje kwenye vichochoro, mbele ya kila nyumba yenye gramafoni, wanawake wamejifunika, wanaume wameacha maduka, wanasubiri zamu ya kuingia kusikia. Hakuna aliyekwenda kulala. Zilikuwa sahani za shelaki, utomvu wa wadudu wa Uhindi, na jua la kwetu lilizipinda vibaya kuliko hivi. "Iliyopinda kwa moto huu itanyooka kwa moto huu," alisema.

Alivitoa vioo viwili vya kabati la vyombo, akavipasha karibu na stovu kwa kiasi cha kuweza kuvigusa kwa nyuma ya mkono bila kuuondoa. Akailaza santuri katikati, akaweka juu kinu chetu cha mbao tulichotoka nacho Unguja, na ndani ya kinu akatia mawe mawili ya bustanini. Akasogeza stovu hatua tatu. Akakaa kando yake na tasbihi mpaka alfajiri, anagusa kioo, anasogeza, anagusa.

Jumapili jioni tulijaribu. Mawimbi yalikuwa yamepungua, hayakuisha. Sindano ilipowekwa ukingoni, kwenye wimbo wa kwanza wa upande wa tatu, iliruka. Baba akatafuta mfukoni, akatoa nusu peni, ile sarafu ndogo kuliko zote, akaibandika kwa utepe juu ya kichwa cha mkono wa sindano ili iukandamize. Ikapunguza kuruka kidogo, lakini bado ikaruka. Wimbo ule ulikuwa umekufa.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Bwana wa Chini, amevaa fulana ya ndani na koti juu yake. Tukadhani amekuja kulalamika, maana kelele ya siku tatu si ndogo. Alisema kwamba kwenye dari yake anasikia wimbo anaoujua, na kila ukianza unakatika, hapati usingizi kwa kutaka kuusikia unavyomalizika. Alikuwa na kisahani kidogo mkononi: "Wrong 'Em Boyo" wa The Rulers, Wajamaika wenzake, wa miaka ya 60, ambao The Clash waliurudia. Kaka akaupiga. Bwana wa Chini akasimama katikati ya sebule yetu, macho amefumba, bega moja linakwenda. Kisha akataka kusikia walichofanya vijana wa Kizungu na rege yake katika santuri ya kwanza, ule wa Brixton ambao Simonon aliuandika na kuuimba mwenyewe. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema kijana yule kakulia karibu na watu wetu, inasikika.

Tukarudi kwenye ile iliyopinda, upande wa nne. Nyimbo za ukingoni zilirukaruka. Kadiri sindano ilivyosogea ndani, mawimbi yalipungua. Mimi nilikuwa na jalada magotini, nafuata majina kwa kidole, maana ndiyo kazi niliyopewa. Nilikuwa nimeshayahesabu: 18. Wimbo wa 18, wa rege, ukaenda mpaka ukaisha bila ya kuruka hata mara moja. Nikafunga jalada. Sindano haikuinuka. Ngoma zikaanza tena, nyepesi, na gita, na Mick Jones wa bendi ile akaimba wimbo wa mapenzi ambao haukuwa na jina kwenye jalada.

"Huu haumo," nilisema.

Kaka akaninyang'anya jalada, akasoma, akageuza, akasoma. Siku zote tatu alikuwa akiusikia bila ya kuhesabu. Ni "Train in Vain", uliotiwa dakika za mwisho wakati majalada yalikuwa yameshachapwa. Ulikuwa karibu kabisa na katikati ya santuri, mahali ambapo joto la stovu halikufika, mzima kama ulivyotoka kiwandani.

Bibi alikuwa ameegemea mto. Akauliza kama unaweza kurudiwa. Kaka akaangalia juu ya mlango wa jiko. Mita ilikuwa inakaribia kuisha.

Baba akainuka. Alitoa peni 50 mbili kutoka mfuko wa sare, alizoziomba kwa mwenzake wa zamu asubuhi ile, akapanda kigoda, akatia ya kwanza, akazungusha, akatia ya pili.